Aleksandria Ni Mji wa Afrika

Tarehe 11 Oktoba, 2023, Serikali ya Misri iliyafungua tena Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi mjini Aleksandria, ambayo yalikuwa yamefungwa tangu mwaka 2005 kwa ajili ya matengenezo. Miaka kumi na minane! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifika utu uzima bila kuingia katika nyumba inayohifadhi historia ya mji wake mwenyewe.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1892, miaka kumi tu baada ya Waingereza kuupiga mji huo kwa mizinga na kuikalia Misri. Wakurugenzi wake wa kwanza, Giuseppe Botti, Evaristo Breccia na Achille Adriani, walikuwa Waitaliano. Walichimbua na kuhifadhi mengi, na hapana sababu ya kuwanyima sifa hiyo. Lakini elimu ya enzi hizo za ukoloni ilieneza kasumba kwamba ustaarabu wa kale wa Bahari ya Mediteranea ulikuwa mali ya Ulaya, na Afrika ilikuwa mtazamaji tu.

Vitu vilivyomo humo vinaikanusha kasumba hiyo. Sanamu ya fahali Apis, ya jiwe jeusi, iliyofukuliwa mwaka 1895 penye magofu ya hekalu la Serapis, ilichongwa zama za Kaisari Hadrian wa Roma. Hata hivyo, Wamisri walikuwa wakimwabudu Apis zaidi ya miaka elfu mbili kabla Roma haijawa mji. Serapis naye ana ndevu na vazi la Kigiriki, ilhali jina lake limetokana na Osiris na Apis. Wafalme wa Kigiriki walioitawala Misri waliona heri kuazima miungu ya wenyeji.

Yupo atakayeuliza hayo yanamhusu nini mwalimu wa Lindi au Kilwa. Yanamhusu sana. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Ndani yake aliitaja Rhapta, bandari ya pwani hii ya Afrika Mashariki, ambako pembe za ndovu na magamba ya kasa vilinunuliwa. Wanaakiolojia wangali wakiitafuta bandari hiyo.

Sasa milango imefunguliwa, ni wajibu wa wakuu wa Misri kuhakikisha kwamba watalii hawawi peke yao wanaoipita, bali watoto wa shule za Aleksandria pia. Na huku kwetu, mwalimu anayefundisha habari za Ugiriki na Roma kwa ramani ya Ulaya pekee aiweke kando, atundike ile inayoonyesha pwani zote mbili za bahari hiyo, pamoja na Carthage, Cyrene na Aleksandria upande wa kusini.