Difu Iliyofungwa Si ya Lami

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba,

Safari hii sitaandika juu ya mshahara. Nataka tuzungumze juu ya chuma kilichoko chini ya gari linalotupeleka kazini asubuhi na kuturudisha jioni. Kinaitwa difu, na wengi wetu hukikumbuka siku kinapopiga kelele. Mimi si makanika, na shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nimepanda nyuma ya magari ya kampuni zaidi ya miaka ishirini. Niliyoyapata kwa madereva na mafundi wa Kasese nayaleta kwenu jinsi nilivyoyaelewa.

Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Tuseme magurudumu mawili ya nyuma yameachana kwa mita 1.5. Gari likizunguka duara moja kamili, gurudumu la nje limetembea karibu mita 9.4 zaidi ya mwenzake. Difu ndiyo inayoruhusu moja liende haraka na lingine polepole bila kugombana. Ubaya wake unaonekana kwenye matope. Gurudumu moja likikosa mshiko, nguvu yote hukimbilia kwa huyo mvivu, linazunguka bure na kurusha tope, na mwenzake aliyekanyaga pagumu ametulia tu. Hata ukiingiza fowili, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanaweza kuzunguka bure, na gari lisitoke.

Kwa sababu hiyo magari mengine yamewekewa difu-loki. Unabonyeza swichi au kuvuta wenzo, na magurudumu mawili ya nyuma yanakuwa kama yamefungwa kwenye fimbo moja. Yote yanazunguka sawasawa. Anayepanda kutoka Kinyamaseke kwenda Kisinga wakati wa mvua, amebeba kahawa au watu, anajua faida yake. Na mwaka 2013, mto Nyamwamba ulipofurika tarehe 1 Mei na kuharibu njia na madaraja bonde la Kilembe, sote tuliona njia nzuri inavyoweza kugeuka mawe na tope kwa siku moja. Sipingi difu-loki hata kidogo.

Ninachopinga ni kushuka nayo kwenye lami. Pale mpira umeshika sawasawa na hauna pa kutelezea. Katika kona, gurudumu la ndani linalazimishwa kwenda haraka kuliko njia yake, kwa hiyo linasukuma mbele. La nje linacheleweshwa, kwa hiyo linavuta nyuma. Mambo hayo mawili kwa pamoja yanalinyoosha gari. Dereva anazungusha usukani, gari linataka kwenda moja kwa moja, kwenye mtaro au kwenye lori la Fuso linalotoka mpakani Mpondwe. Mipira inalia na kulika, hafu-shafti inajikunja mpaka siku inakatika.

Lami ikilowa, hatari inageuka sura. Difu ya kawaida ikizidiwa na mafuta kwenye kona, gurudumu moja la nyuma huzunguka bure, lakini mwenzake bado anashikilia mkia wa gari. Ikifungwa, yote mawili yanaachia kwa mara moja, na mkia unatoka. Kwenye njia iliyolala upande ni hivyo hivyo: nyuma ya gari inateremka kuelekea bondeni. Tena katika magari mengi mapya, ukifunga difu, ule mtambo unaozuia breki kukamata magurudumu huacha kufanya kazi. Dereva asiyeambiwa hilo atajuaje?

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mwaka 2017 pikapu ya shamba moja, ambalo silitaji, ilitubeba watu kumi na mmoja kutoka milimani kuelekea Bwera. (Kwanza haikufaa tubebwe kama magunia, lakini hilo nitaliandika siku nyingine.) Vigia vya ndani ya difu vilikuwa vimevunjika, na badala ya kununua vingine, fundi aliamriwa avichomelee. Difu iliyochomelewa ni difu-loki isiyo na swichi. Imefungwa usiku na mchana, topeni na lamini. Dereva alilalamika kwamba gari linakataa kona. Akajibiwa kwamba hajui kuendesha. Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipofika lami, kona ya pili, nyuma ilitoka, tukaishia mtaroni. Mama mmoja alivunjika mtulinga. Dereva alifukuzwa kazi kwa uzembe, na hakuna aliyeuliza habari ya difu. Nilikuwa mle ndani na sikumtetea, maana sikujua la kusema.

Leo najua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mitambo iliyo salama na awape wafanyakazi mafunzo na maelekezo. Gari ni mtambo. Kumpa dereva ufunguo bila kumwonyesha kazi ya kila swichi si mafunzo, na kuchomelea difu ya gari linalobeba watu si ukarabati.

Ndugu madereva, nanyi mna sehemu yenu. Msifunge difu huku gurudumu linazunguka kwa nguvu. Simama au tambaa kwanza, meno yasije yakakatika. Mkishatoka topeni, fungueni kabla ya lami. Taa ya dashibodi ikikataa kuzimika, nyoosha usukani na urudi nyuma kidogo, chuma kitaachia.

Na ninyi wajumbe wa chama, kabla ya mvua hizi mwombeni fundi ainue magurudumu yote mawili ya nyuma na kuweka stendi imara, mawe mbele ya magurudumu ya mbele, injini imezimwa, gia imeingizwa, difu-loki imefunguliwa na handibreki imeachiliwa. Zungusheni gurudumu moja kwa mkono. Mwenzake akizunguka kinyume, difu ni nzima. Yakigoma yote mawili, imefungwa au imechomelewa. Andikeni namba ya gari na tarehe, pelekeni kwa meneja kwa barua, na nakala moja mniletee mimi.