Mnara wa Siloamu na miti ya Uluguru

Kila mvua inapopita na kuua watu, swali hurudi makanisani mwetu: hawa walikosa nini? Liliulizwa Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Liliulizwa tena Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoliambia Bunge kuwa mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha kuua watu 155. Siku chache baadaye Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Mafia, na baadhi ya wahubiri walikuwa tayari na Sodoma na Gomora.

Yesu alikutana na swali hilo. Katika Luka 13 anawakumbusha watu mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua 18, kisha anaikataa kabisa hesabu ya kwamba marehemu walikuwa wakosaji kuliko jirani zao. Anawageukia walio hai na kuwaita watubu. Wengi wetu tukisoma tunaishia hapo, aya ya 5. Lakini aya ya 6 inaanza habari ya mti. Mtini haujazaa miaka mitatu, mwenye shamba anataka ukatwe, mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutilia samadi. Sidhani kama Luka aliziweka habari hizi mbili pamoja kwa bahati tu. Macho yanatolewa kwenye vifusi vya mnara na kupelekwa kwenye shina la mti na udongo wake. Leo nawaomba twende na aya hizo hadi Mkuyuni.

Mkuyuni yenyewe inabeba jina la mti, tena ule aliopanda Zakayo ili amwone Bwana. Iko mashariki ya milima ya Uluguru, kwenye barabara inayotoka Bigwa, Morogoro, kuelekea Matombo na Kisaki. Upande huu ndio unaopokea mawingu ya Bahari ya Hindi kwanza, kwa hiyo mvua ni nyingi, na miteremko imejaa ndizi, mananasi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Juu kabisa kuna msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 24,000, uliopandishwa hadhi hiyo mwaka 2008. Maji yake yanaingia Mto Ruvu, na kutoka Ruvu yanafika kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Muumini wa Kimara au Mbezi anayefungua bomba Jumapili asubuhi ili aoge aende ibadani anaoga sehemu ya Uluguru.

Sasa, dhoruba hufanya nini kwenye milima kama hii? Tunao ushahidi wa karibu. Tarehe 23 Februari 1970, upande wa pili wa milima, Mgeta, zaidi ya milimita 100 za mvua zilinyesha kwa muda usiozidi saa tatu. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp wakaenda kuhesabu maporomoko ya ardhi, wakapata mamia. Karibu yote yalianza kwenye mashamba na kwenye majani ya ardhi iliyopumzishwa. Yaliyoanza penye miti hayakufika asilimia 1. Mvua ni ileile na mlima ni uleule. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa kimesimama pale kabla wingu halijafika.

Naomba mtu asichukue takwimu hiyo akaifanya fimbo ya kumpigia mkulima wa Mgeta au wa Mkuyuni. Hiyo itakuwa Siloamu ile ile kwa mlango wa nyuma. Watu wanalima mteremko kwa sababu mteremko ndio walionao. Serikali ya kikoloni iliwahi kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi bila kuwasikiliza, na mwaka 1955 jambo hilo likazaa ghasia Matombo. Matuta yale yalileta juu udongo wa chini usio na rutuba, na wakulima walilijua hilo kabla ya mabwana shamba.

Turudi kwenye miti. Upepo mkali ukiangusha mti mkubwa msituni, unafungua mwanya. Mwanga ambao haukuwahi kufika chini unafika, na ukuaji unaanza kwa njia nne. Kuna miche midogo iliyokuwa inasubiri kivulini, pengine kwa miaka mingi, ikiwa na majani machache tu. Kuna mbegu zilizolala ardhini zikingoja joto la jua. Kuna visiki na mashina yaliyovunjika yanayochipua upya. Ayubu aliijua njia hii, maana katika sura ya 14 anauonea mti wivu kwamba hata ukikatwa bado una tumaini, wakati mwanadamu akilala haamki. Na kuna mbegu zinazoletwa kutoka nje na upepo, popo, na ndege kama hondohondo. Kwa hiyo dhoruba ya kiasi haiui wingi wa aina za mimea. Mara nyingine inaulinda. Miti inayopenda mwanga, mvule ukiwa mmojawapo, hupata shida kukua pasipo mwanya, na msitu usioanguka hata mti mmoja ungebaki na aina zile tu zinazovumilia kivuli.

Poromoko la ardhi ni habari nyingine. Upepo huangusha mti na kuuacha udongo, lakini poromoko huchukua udongo, na pamoja nao miche, mbegu zilizolala na mizizi. Njia tatu kati ya nne zinakuwa zimekwenda mtoni. Inabaki ile ya mbegu kutoka nje, nayo inategemea kama jirani kuna msitu uliobaki. Ndiyo maana kovu la mwamba mlimani laweza kuonekana kizazi kizima. Bahari ikizidi kuwa na joto na mvua za ghafla zikiongezeka, kama wataalamu wa hali ya hewa wanavyotarajia, hofu yangu kwa Uluguru ni hiyo zaidi kuliko upepo.

Lakini hata mwanya wa upepo una hatari yake, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Tarehe 12 Septemba 1988 Kimbunga Gilbert kilipita juu ya Jamaica. Kwenye Milima ya Blue kulikuwa na watafiti waliokuwa wakiipima miti ileile tangu 1974, kwa hiyo walijua nini kilikuwepo kabla. Miti mingi iliyovuliwa majani yote haikufa, ilichipua. Kama mtu angeingia na msumeno wiki ya pili akisema hii imekwisha, angekata miti hai. Mtunza shamba wa Luka 13 angewaelewa watafiti wale. Ila jambo la pili walilolishuhudia ni chungu. Mti wa kigeni kutoka Australia, Pittosporum undulatum, uliopelekwa kwenye bustani ya mimea huko milimani mwaka 1883, ukaitumia ile mianya kuenea ndani ya msitu wa asili. Kwa zaidi ya miaka 100 ulikuwa jirani. Dhoruba ikaufungulia mlango.

Mbele ya Mkuyuni, upande wa Matombo, tunao msitu wa Kimboza. Ni mdogo, hekta 400 hivi, umeota juu ya mawe ya chokaa. Ndani yake kuna mkadi, na kwenye mkadi anaishi mjusi mdogo wa rangi ya buluu ambaye duniani kote hapatikani isipokuwa Kimboza na vipande vichache vya msitu jirani. Wazungu walimpenda kwa kumfuga ndani ya vioo, wakamnunua kwa maelfu, na waliomtafuta wakawa wanakata mikadi ili wamfikie. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi hao kutoka porini ilipigwa marufuku.

Mjusi ameokolewa na soko, lakini nyumba yake ina mgeni. Msederela, ambao wataalamu huuita Cedrela odorata, ni mti wa Amerika ya kitropiki uliopandwa Kimboza karne iliyopita kwa ajili ya mbao. Jina lake linatokana na lile la mwerezi, ingawa si mwerezi wa Lebanoni. Unakua haraka, unapenda mwanga, na mbegu zake zina bawa, zinaruka na upepo. Fikirini sasa mti wa asili umeanguka Kimboza. Mwanya umefunguka, jua limeingia, na upepo uliouangusha ndio uwezao kubeba mbegu za msederela. Yesu alisimulia katika Mathayo 12 juu ya pepo aliyetoka kwa mtu, akarudi na kukuta nyumba imefagiwa na haina mkaaji, akaleta wenzake saba. Alikuwa anasema habari za kizazi kile, si za misitu. Ila utaratibu wa nafasi tupu ni huo huo: anayeingia ni yule aliye karibu na mlango.

Hili linagusa kazi yetu ya kupanda miti. Makanisa mengi sasa yana siku ya miti, na ni jambo jema. Lakini mara nyingi miche inayoletwa ni ya aina moja, ya kigeni, kwa sababu inakua upesi na inapendeza kwenye picha. Unguja ilijifunza habari ya aina moja tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipolala na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba haikuguswa sana, na biashara ya karafuu ikahamia huko. Shamba la mti mmoja likianguka, halina miche iliyokuwa inasubiri chini yake. Mwenye nalo huanza upya.

Basi kabla ya masika, parokia au usharika wenye mteremko nyuma ya kanisa utafute wazee wanaojua majina ya miti ya mahali hapo, na miche iombwe kwa majina hayo: mvule, mkangazi, mkuyu kando ya mto. Dhoruba ikipita, mti uliolala huonekana kuni za bure, na majani makavu yanakaribisha moto. Moto huua miche iliyokuwa inasubiri na kuchoma machipukizi. Uachwe msimu mmoja, uangaliwe kama unachipua. Kwenye shamba la kanisa, mche wa msederela ung'olewe ungali mdogo, wakati mtoto wa Jumapili anaweza kuung'oa kwa mkono. Kimboza ni hifadhi, hakuna wa kuingia na panga lake bila Wakala wa Huduma za Misitu, lakini hakuna kinachomzuia mchungaji au katekista kwenda ofisini kwao na kuuliza lini wanaiondoa misederela, na kama wanahitaji mikono ya vijana wa kwaya siku hiyo.