Nati Iliyokwama Isikutoe Jicho



Leo tuzungumze habari za pikipiki. Usishangae. Huu ni ukurasa wa afya, lakini nati iliyokwama nayo huleta wagonjwa zahanati.

Sisi wa Mkata, kwenye njia panda ya kwenda Handeni mjini, tunaijua kazi ya pikipiki. Inabeba mahindi na machungwa kutoka shamba. Inamleta mama mjamzito zahanati usiku. Ikiharibika, mwenye nayo hapati kitu siku hiyo. Kwa hiyo vijana wengi hufungua injini wenyewe nyumbani. Wapo wanaosema vijana hao wakatazwe. Mimi sikubaliani nao. Fundi yuko mbali na fedha ni chache. Kujitegemea ni jambo jema.

Ninalolipinga ni moja tu. Napinga kupiga chuma kwa nyundo huku macho yakiwa wazi.

Usiku mmoja waliletwa kwangu ndugu wawili. Kaka alikuwa anatoa sumaku ya injini, lile gurudumu zito lililo ndani ya kava. Sumaku ilikataa kutoka. Akachukua tindo na nyundo. Mdogo wake alishika tochi, akainama karibu ili kaka aone vizuri. Pigo la tatu, mdogo akahisi kitu kimemrukia jichoni. Maumivu yalikuwa kidogo. Alitaka kwenda kulala.

Nilimwangalia kwa mwanga wa tochi ile ile. Jicho lilikuwa jekundu kidogo tu. Lakini mboni yake haikuwa duara tena. Ilikuwa imevutwa upande mmoja. Nikajua chuma kimeingia ndani. Mimi nina cheti tu, na zahanati haina vifaa vya kutoa chuma ndani ya jicho. Nililifunika, nikampa rufaa usiku ule ule. Alirudi baada ya wiki kadhaa. Jicho lile sasa linaona mwanga tu, halioni mtu.

Aliyepiga nyundo hakuumia. Aliyeumia ni aliyeshika tochi. Na pikipiki ile ilitengenezwa baada ya siku mbili kwa kifaa cha kuazima. Pikipiki ina vipuri. Jicho halina vipuri.

Je, kwa nini nati hukwama? Sababu ni nyingi. Kutu huingia kwenye meno yake. Joto la injini huigandisha. Pengine aliyeifunga mwanzo aliikaza kupita kiasi. Mambo hayo hayaondoki kwa hasira. Yanaondoka kwa subira na kwa kifaa kinachofaa. Fanya hivi:

Kwanza, safisha matope na kutu kwa brashi. Tumia spana inayoenea sawasawa kwenye nati. Spana iliyolegea hula pembe za nati. Kisha huteleza na kukuchubua vidole.

Pili, tia mafuta kwenye meno ya nati. Ukikosa mafuta ya dukani ya kulegeza kutu, changanya dizeli na oili kidogo. Acha usiku kucha. Asubuhi jaribu tena. Usiku mmoja wa kungoja si hasara.

Tatu, bolti ya chuma ikikwama kwenye kava la alumini, mwagia kava maji ya moto polepole. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma, na bolti hulegea. Jihadhari usiungue, na watoto wakae mbali. Usitumie moto. Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho. Hutambaa chini mpaka kwenye moto, kisha hulipuka.

Nne, sumaku isipigwe nyundo hata kidogo. Kipo kifaa chake, mafundi hukiita pula. Ukishatoa nati, pula hukazwa kwenye meno yaliyo katikati ya sumaku. Kisha unakaza bolti ya pula. Bolti hiyo husukuma ncha ya shafti, na sumaku hutoka. Lakini ukiipiga sumaku kwa nyundo, inaweza kupasuka. Ukipiga ncha ya shafti, meno huharibika na nati hairudi tena. Kwa hiyo nyundo huweza kukutia hasara mara mbili, ya injini na ya jicho.

Tano, ikiwa ni lazima kugonga, vaa miwani ya kazi inayofunika macho mpaka pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Mshika tochi naye avae. Watoto na watazamaji waondoke. Tazama pia kichwa cha tindo yako. Kama kimechanua kama uyoga, kipelekwe kikanolewe kwanza. Vile vipande vya pembeni ndivyo vinavyokatika na kuruka.

Je, kama ajali imekwisha kutokea? Shika maneno haya:

1. Usisugue jicho.
2. Usijaribu kutoa chuma kilichochoma jicho.
3. Usitie maziwa, sukari, majani wala dawa ya mtu mwingine. Jicho lililotobolewa usilioshe.
4. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi au kitu kingine kisichogusa jicho. Usilikandamize.
5. Nenda zahanati saa ile ile, hata kama maumivu ni kidogo. Sema wazi kwamba ulikuwa unagonga chuma. Uliza pia habari ya sindano ya pepopunda.

Chuma kidogo kikibaki ndani ya jicho hutoa kutu, na kutu hiyo huua uwezo wa kuona polepole. Vijidudu navyo huweza kuliharibu jicho kwa siku chache. Mgonjwa wa namna hii huhitaji hospitali kubwa, kama Bombo iliyoko Tanga au CCBRT ya Dar es Salaam. Safari hiyo si ndogo kwa mtu wa kijijini.

Lakini kama kilichoingia jichoni ni petroli au maji ya betri, hapo osha. Osha mara moja kwa maji mengi safi, si chini ya dakika 15. Kisha nenda zahanati.

Sasa nasema maoni yangu. Si lazima kila kijana anunue pula yake na miwani yake. Kila kijiwe cha bodaboda kichange fedha. Kinunue pula inayolingana na pikipiki zao, na miwani miwili ya kazi. Miwani ni miwili kwa sababu kuna anayegonga na kuna anayeshika tochi. Vifaa vitunzwe na mtu mmoja mwaminifu. Atakayeazima aandike jina lake kwenye daftari, na akimaliza arudishe.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Sisi tunashindwaje kununua miwani miwili?

Ndugu yangu, nati ikikataa usiku, iache. Zima tochi, mkalale. Mwambie mdogo wako, "Tutaifungua kesho." Kesho nati itakuwepo. Hakikisheni na macho yenu yawepo.

Mganga Msaidizi,
Mkata, Handeni.