Nyumba ya Kupangisha: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutoa Shilingi



Baada ya kuzungumza katika safu hii juu ya mjane na fungu lake la mirathi, alitujia mama mmoja aliyetoka eda miezi michache tu iliyopita. Alikuwa na thumuni yake ya mali aliyoiacha mumewe, pamoja na akiba ya chama aliyoichanga kwa miaka mingi. Dalali alikuwa amemwonyesha nyumba ya vyumba sita huko Kisauni, vyote vina wapangaji, na kumhimiza atoe malipo ya kwanza kabla ya Ijumaa kwani yuko mnunuzi mwingine anayeitaka. Mama huyu alituuliza jambo moja tu: je, kodi ya vyumba sita itamtosha kuwalea watoto watatu?

Nasi tulimjibu kwa swali: ardhi iliyo chini ya vyumba hivyo ni ya nani? Hakujua. Alipomwuliza dalali, akaambiwa kwamba nyumba ni ya muuzaji lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kwamba kila mwezi hulipwa pesa kidogo za ardhi. Alhamdulillahi, alikuwa hajatoa hata shilingi moja. Tumeona ni vyema tuyaandike hapa yale tuliyozungumza naye, kwani wako wengi walio katika hali yake: mwenye kiinua mgongo, mwenye mahari aliyoitunza, mwenye ndugu Arabuni anayeleta pesa na kusema, "Nitafutieni nyumba."

La kwanza ni hilo la ardhi. Sisi watu wa Mombasa tuna desturi ya siku nyingi ya nyumba bila ardhi: mmoja anamiliki kuta na paa, mwingine anamiliki kiwanja. Majengo, Kisauni na Likoni zimo nyumba nyingi za namna hiyo, na wako walioishi humo vizazi na vizazi kwa amani. Lakini kuishi ni jambo moja na kuweka mali ya mayatima ni jambo jingine. Mwenye kiwanja akifa, warithi wake huenda wasiyajue makubaliano ya mzee wao. Akiuza, mnunuzi huenda akataka uwanja mtupu. Anayenunua nyumba ya aina hii ananunua mawe na bati, na bei yapasa iwe ya mawe na bati, wala si ya ardhi.

Ikiwa muuzaji anasema ardhi ni yake, usitosheke na nakala ya hatimiliki anayoitoa mfukoni. Chukua nambari ya kiwanja, uombe ofisi ya usajili wa ardhi itoe taarifa rasmi. Humo utaona jina la mwenye mali, na kama kiwanja kimewekwa rehani benki au kimewekewa zuio. Kisha mlete mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka, kwani iko hati iliyo sahihi kabisa lakini kiwanja ulichoonyeshwa sicho kilichoandikwa ndani yake.

Hapa Pwani yapasa kuuliza mawili zaidi. Je, ardhi hii ni wakfu? Mali ya wakfu haiuzwi, na Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa kwa anayetaka kuhakikisha. Na je, ni mirathi isiyogawanywa? Mara nyingi anayeuza ni kaka mkubwa aliyekaa na funguo, na dada zake walioolewa Lamu au Malindi hawana habari. Kununua kwa namna hiyo ni kununua kesi, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni kushiriki katika kuwadhulumu wenye haki. Dai hukumu ya kadhi au idhini ya warithi wote kwa maandishi.

Mchukue wakili wako mwenyewe, wala usimtegemee wa muuzaji. Malipo yapite benki, si mkononi mwa dalali. Kumbuka pia kwamba serikali hutoza ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na wengi hawaiweki gharama hii katika hesabu zao.

Na jina, dada zetu. Mwanamke katika dini yetu ana mali yake mwenyewe, na hakuna aibu kuiandikisha kwa jina lake. Tumeona waliomwachia kaka au mjomba aandikwe kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda ofisini, na siku mjomba alipofariki, nyumba ikaingia katika mirathi yake. Na mume na mke wakinunua pamoja, wamwulize wakili ni umiliki wa namna gani unaoandikwa. Uko umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, sehemu yake humwangukia aliyebaki moja kwa moja. Na uko umiliki wa mafungu, ambao fungu la kila mmoja huenda kwa warithi wake. Tofauti ya maneno machache katika hati yaweza kuwaondolea wazazi na watoto haki yao ya mirathi.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba sita, yenye hati yake, inayouzwa shilingi 4,500,000, na kila chumba kodi yake ni shilingi 6,000. Dalali atakwambia: 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka, pesa yako imerudi katika miaka kumi na kidogo. Hesabu hiyo si ya uongo, ila haijakamilika.

Chukulia kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka, kwani watu huhama. Zimeondoka 36,000, umekusanya 396,000. Ushuru wa kodi ya nyumba ni asilimia 7.5 ya ulichokusanya, yaani 29,700. Matengenezo yatengee kodi ya mwezi mzima, 36,000. Mwangalizi wa nyumba kwa 4,000 kila mwezi ni 48,000. Kunyonya choo, kuzoa taka na malipo ya kaunti, tuseme 12,000. Kilichobaki mkononi ni shilingi 270,300. Na nyumba yenyewe, ukiongeza stempu, wakili na mpima, imekugharimu kama 4,800,000. Basi pesa yako itarudi katika miaka inayokaribia 18, na pato lako la kweli ni kama shilingi 22,500 kwa mwezi. Huenda likakufaa, huenda lisikufae. Lakini ni bora ulijue kabla ya kununua kuliko kulijulia dukani, ukiwa na watoto mkononi.

Usiitumie akiba yako yote kununua. Bakisha walau kodi ya miezi sita, kwani pampu haikungoji upate. Na anayepungukiwa asikimbilie mkopo wa riba kwa hoja kwamba kodi itaulipa. Tangu 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, na ziko zinazonunua nyumba kwa ushirika na mteja, naye akalinunua fungu la benki kidogo kidogo mpaka likawa lake lote. Soma masharti kwa makini, uwaulize wenye elimu, kwani jina la Kiislamu peke yake halitoshi.

Nyumba yenyewe ikague mara mbili: mara moja wakati wa jua, na mara moja baada ya mvua kubwa ya masika. Mvua itakuonyesha paa linalovuja na uwanja unaotuama maji. Angalia chumvi. Plasta inayopukutika chini ya ukuta na dari yenye nyufa zenye kutu ni dalili kwamba chumvi imeingia kwenye nondo, na mara nyingi sababu ni mchanga wa pwani au maji ya kisima cha chumvi yaliyotumiwa kujengea. Kuipaka rangi hakutibu. Uliza maji ya mfereji huja siku ngapi kwa juma, tangi lina ukubwa gani, na kisima kiko umbali gani na shimo la choo. Uliza kila chumba kina mita yake ya stima ama wote wanagawana moja, kwani ugomvi mwingi wa uwanjani huanzia hapo. Zungumza na wapangaji bila ya dalali kuwepo. Watakwambia kodi wanayolipa hasa, na huenda si ile uliyotajiwa.

Ukishanunua, umekuwa mwenye kushika haki za watu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kushuhudisha. Basi usione haya kumwandikia mkataba hata jirani yako. Taja kodi, siku ya kulipa, nani atengeneze nini, na notisi ya kuhama. Toa stakabadhi kila mwezi hata kama pesa zimekuja kwa simu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ile pesa ya kuanzia anayoiweka mpangaji inaitwa amana, nayo ni amana kweli: iweke kando, usiinunulie nguo za Idi.

Mpangaji akichelewa, mfahamu kwanza. Aliyeuguliwa au aliyesimamishwa kazi bandarini si sawa na anayekuhadaa. Dini imehimiza kumpa muhula mwenye dhiki, na maulamaa wengi huona kwamba faini inayoongezwa juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni mlango wa riba. Lakini huruma isiyo na mpaka nayo hukuvunja wewe na watoto wako. Mpe tarehe, uiandike, na ikipita fuata sheria. Kung'oa mlango, kuvua bati au kumkatia mtu maji ili ahame ni dhulma, na ni kinyume cha sheria za Kenya.

Ikiwa nyumba ina duka mbele, jihadhari zaidi. Duka lililokodishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, huwa chini ya sheria maalumu: huwezi kupandisha kodi wala kumwondoa mwenye duka ila kwa notisi rasmi ya miezi miwili, naye ana haki ya kulalamika mbele ya baraza la upangaji wa nyumba za biashara. Wengi hawalijui hili mpaka wameshashitakiwa. Na tazama ni biashara gani unayoipa mlango wako.

Ushuru usiukimbie. Tangu Januari 2024, anayepata kodi ya makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, bila kuondoa gharama, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata mwezi usiopata kitu, jaza fomu useme hukupata. Ama zaka, rai ya maulamaa wengi ni kwamba nyumba iliyowekwa ili kupangishwa haitolewi zaka juu ya thamani yake. Kinachotolewa ni asilimia 2.5 ya akiba ya kodi iliyofika nisabu na kuzungukiwa na mwaka. Aliyenunua kwa nia ya kuuza huyo ni mfanyabiashara, na hesabu yake ni nyingine.

Mama yule hakuinunua nyumba ya Kisauni. Dalali alimwambia amepoteza bahati, na siku ile alirudi kwake akiwa na huzuni. Fungu lake bado lipo, kwa jina lake, na wiki iliyopita alitwambia kwamba ameona vyumba vinne vyenye hati huko Mtwapa. Mara hii hakutuuliza kodi ni ngapi. Alikuja na nambari ya kiwanja imeandikwa kwenye kijikaratasi, akataka kujua ofisi ya ardhi hufunguliwa saa ngapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na aitie baraka.

Wabillahi tawfiq.