Wamarekani hawakuulizwa kuhusu gari la mjomba

Ndugu zangu, nilipotea kidogo. Sikuwa safarini wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu.

Mjomba wangu alistaafu ualimu wa hisabati baada ya miaka thelathini na kitu ya kula chaki. Alipopata kiinua mgongo chake akaniita. "Mjomba, wewe ni mwandishi, unasoma mambo. Ninunue gari gani lisilonisumbua uzeeni?" Nikajiona mtaalamu. Nikafungua kompyuta, nikatafuta orodha ya magari imara kutoka Marekani, nikachagua jina lililokuwa juu, nikamwambia: hili hapa, utafiti umesema. Akaagiza kutoka Japani. Gari likashuka bandarini na miaka yake tisa, linang'aa kama jipya. Mwezi wa tano giaboksi ikafa njiani, hata Chalinze hajafika. Fundi alipotaja gharama, mzee alikaa juu ya tairi bovu pale gereji, akanyamaza.

Jina la kampuni sitalitaja. Gari moja si ushahidi wa kitu, na hilo ni sehemu ya somo la leo.

Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ile ile ya darasani: "Hao walioulizwa, magari yao yalikuwa na miaka mingapi?"

Sikujua. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, sikuwa nimeuliza hilo. Basi wiki hizi nimekaa kusoma, na ninachosema leo nakisema nikiwa nimeshaungua.

Tuanze na J.D. Power, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1968. Kila mwaka inatoa utafiti wa uimara wa magari, na magazeti dunia nzima yanaunakili. Wanaoulizwa ni wenye magari ya miaka mitatu, na ni wale walioyanunua yakiwa mapya. Wanatakiwa kutaja matatizo waliyoyapata katika miezi 12 iliyopita. Kisha yanahesabiwa matatizo kwa kila magari 100. Sasa jiulize: ni nani kati yetu anayenunua gari jipya dukani, akaliuliza hali yake likiwa na miaka mitatu? Sisi tunalipokea pale wao walipolichoka.

Halafu tazama namba zenyewe. Katika utafiti wa mwaka 2024, Lexus iliongoza kwa matatizo 135 kwa magari 100. Wastani wa kampuni zote ulikuwa 190. Kwenye kichwa cha habari hiyo ni mbingu na ardhi. Gawanya kwa 100, kama mjomba alivyonifundisha: tatizo moja na kitu kwa gari, dhidi ya karibu mawili. Tofauti ni kama nusu ya tatizo kwa mwaka. Na tatizo ni nini? Kundi lililoongoza kwa malalamiko mwaka huo lilikuwa la redio, skrini na simu kushindwa kuunganika na gari. Katika hesabu ile, simu iliyokataa kuunganika ni tatizo moja, na injini iliyokufa ni tatizo moja. Kwa mjomba pale gereji hayo si sawa hata kidogo.

Hapo ndipo wajuaji wa kijiweni wanaporukia: "Si tulisema! Tafiti zote zimenunuliwa na wenye viwanda." Taratibu jamani. Ni kweli J.D. Power inapata fedha kwa kuziuzia kampuni za magari takwimu, na kampuni zikitaka kutamba na tuzo yake kwenye matangazo zinalipia. Ni haki kulijua hilo. Lakini lipo pia jarida la Consumer Reports, la shirika lisilo la biashara lililoanza mwaka 1936. Halipokei matangazo, na magari linayoyajaribu linayanunua kwa fedha zake. Linauliza wanachama wake kuhusu magari laki tatu au zaidi kwa mwaka, yakiwemo ya zamani, na tatizo la injini au giaboksi linalipa uzito kuliko la redio. Mwaka 2007 Toyota, kipenzi cha wote, ilipata alama mbaya kwa baadhi ya magari yake, ikiwemo Camry ya V6. Jarida likatangaza kwamba halitapendekeza tena gari jipya la Toyota kwa kuangalia jina tu, mpaka takwimu za gari lenyewe zipatikane. Niambieni, hao walinunuliwa na nani?

Hata hivyo wanachama wa jarida ni binadamu, na binadamu husikia jina kabla ya kusikia injini. Pale Fremont, California, kilikuwepo kiwanda cha ubia kati ya Toyota na General Motors, kuanzia 1984 hadi 2010. Kilitengeneza Corolla na gari pacha lake lililouzwa kwa jina la Prizm. Kiwanda kimoja, mifupa ile ile. Lakini sokoni, yakishatumika, Prizm iliporomoka bei kuliko ndugu yake. Watu walilipia jina. Na ni watu hao hao wanaojaza fomu za tafiti.

Kupika namba pia kupo. Mwaka 2014 ADAC, chama kikubwa cha wenye magari Ujerumani, kilitangaza kwamba VW Golf imechaguliwa gari linalopendwa zaidi kwa kura 34,299. Waandishi wa gazeti la Süddeutsche Zeitung wakafukua. Kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano akaondoka, na baada yake rais wa chama. Zile zilikuwa kura za mapenzi, si za uimara. Chama hicho hicho kina takwimu nyingine ya magari yanayoharibika njiani, inayotokana na safari za mafundi wake kwenda kuyaokoa. Lakini angalieni uongo ulipokuwa: wamepiga kura wangapi. Swali la mjomba hilo!

Basi tumwamini fundi? Nawaheshimu sana mafundi, wamenitoa mbali. Lakini fundi anaona magari yaliyoharibika tu. Ni sawa na daktari wa wodini kusema mji mzima unaumwa. Magari yaliyojaa barabarani ndiyo yatakayojaa gereji kwake, hata kama ni imara kuliko yote. Na dereva teksi atakusifia gari ambalo vipuri vyake havikosekani Gerezani. Hilo ni jambo la maana kwa mfuko wako, ila si uimara. Ni urahisi wa kutengeneza.

Msimamo wangu ni huu. Tafiti nyingi za magari hazitudanganyi. Tunajidanganya wenyewe kwa kuzipa swali ambalo hazikuulizwa. Mmarekani anaeleza gari lake, la usukani wa kushoto, lililofanyiwa sevisi kwa wakati. Noah, Premio na Spacio, magari tunayopishana nayo kila kukicha, hayajawahi kuuzwa Marekani. Hata gari lenye jina moja linaweza kuwa na injini au giaboksi nyingine lile la Japani. Nilichomfanyia mjomba ni kumpimia suruali kwa kiuno cha mtu mwingine, kisha nikamlaumu fundi cherehani.

Na lawama kubwa naiweka kwetu sisi waandishi. "Utafiti unaonyesha" imekuwa kama amina: ikishasemwa, mjadala umekwisha. Hatuulizi nani aliulizwa, wangapi, lini, kuhusu nini, na nani analipa. Maswali matano! Tungemuuliza waziri, kwa nini tusiiulize orodha?

Mkitaka ushauri wangu, kwa tahadhari zote za mtu aliyeunguza kiinua mgongo cha mzee: gari likisifiwa na jarida lisilolipwa na wenye viwanda, likasifiwa na madereva wanaolilalia na kuliamkia, na fundi akakutajia ugonjwa wake sugu ni upi, hapo sogea. Likisifiwa na mmoja tu kati ya hao, kaa mbali. Na kabla ya namba yoyote ya utafiti, hakikisha kwanza namba ya kilomita kwenye dashibodi, maana hiyo nayo inapikwa.

Ninachokitamani zaidi ni takwimu zetu wenyewe. Kampuni za bima zinajua magari gani yanakuja na madai gani. Wauza vipuri wanajua nini kinaisha haraka. Madereva wa teksi wapo maelfu, kila mmoja ana daftari lake kichwani. Nani kawahi kuwauliza kwa utaratibu? Nimeanza na daftari la karatasi. Mpaka leo nina madereva kumi na mmoja, na mjomba amekataa nisitoe wastani. Anasema hao ni wachache mno.

Naomba kuwasilisha.