Kuua kwa Kujifurahisha Haiko Kilimo



Kule Marekani, mashariki ya Oregon na kaskazini ya California, kuko watu wanaoingia na bunduki kwenye mashamba ya alfalfa, majani ya kulisha ng'ombe, kupiga kindi wa ardhini. Hawawali. Wengine wanalipa pesa ili wapige. Wanahesabu waliokufa, wanarudi nyumbani, mizoga inabaki palepale.

Mkulima tunamuelewa. Kindi wanakula mazao yake, wanachimba mashimo shamba zima. Ana haki ya kulinda jasho lake. Lakini kulinda shamba ni kitu kimoja, kugeuza kifo kuwa mchezo ni kingine.

Na kuko sumu. Risasi nyingi zinatengenezwa kwa madini yenye jina hilohilo, risasi. Zikipiga zinapasuka, vipande vinabaki ndani ya nyama. Tai na mwewe wanakula mizoga ile, wanabebea hata watoto kwenye kiota. Tai alikosa nini?

Tangu tarehe 1/7/2019, California inakataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote. Za shaba ziko. Sasa juu ya nini kwingine wasifuate?

Sisi tunaoamshwa na mlio wa risasi tunajua: silaha haiko kitu cha kuchezea. Tunadai risasi za sumu zikatazwe, mizoga iokotwe, na kuua kusiuzwe tena kama starehe.

Mwenye shamba alinde shamba. Anayetafuta mchezo achukue mpira!