Wakili Kijana na Gereza la Kisangani

BARZA YA RAMAZANI ASUMANI

Watu wa Kisangani wakiona kibao kipya cha wakili kimetundikwa katika mitaa ya Makiso hudhani kwamba mwenye kibao amekwisha kufika. Amma mimi naona kwamba ndipo kwanza anapoanza kujaribiwa, kwani katika miaka 2 ya kujifunza kazi chini ya wakili mkubwa, kama ilivyoamrishwa na sheria ya 28 Septemba 1979, alikuwa na wa kumtuma gerezani kumtetea fakiri, ilhali sasa hana wa kumtuma.

Na gereza ndilo lililomfunza uwakili. Chuo Kikuu kilichoanza mjini hapa mwaka 1963 kilimpa kanuni kwa Kifaransa. Lakini mshtakiwa wa Mangobo au Lubunga, aliyekamatwa kwa tuhuma ya wizi wa pikipiki, humsimulia mambo yake kwa Kiswahili au Kilingala, akianzia mbali kwenye ugomvi wa mashemeji, na wakili hana budi kusikiliza hadi mwisho, kwa kuwa katika maneno ambayo polisi hawakuyaandika ndimo pengine ilimo saa au njia itakayomtoa mtu hatiani. Siku ya kesi, amevaa joho jeusi na kitambaa cheupe shingoni, huyasema yote kwa Kifaransa, na mteja wake humtazama midomo asijue kama anaokolewa au anaangamizwa. Wakili mwenye adabu humgeukia akamweleza, japo mahakimu wana haraka.

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 19, inampa mtu haki ya mtetezi tangu polisi wanapoanza uchunguzi, na kifungu cha 61 hakiruhusu haki ya kujitetea iondolewe hata wakati wa dharura. Wala haki hiyo si ya maskini peke yao. Firmin Yangambi, wakili wa mji huu huu, alikamatwa mwaka 2009. Mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, rufaa ikaigeuza hukumu kuwa kifungo cha miaka 20, naye akatoka kwa msamaha wa rais mwaka 2019. Mtu aliyezoea kuwasemea wengine alihitaji naye wa kumsemea, tena mbele ya mahakimu wa jeshi, ilhali yeye ni raia.

Siwalaumu vijana wanaokimbilia mashauri ya viwanja na biashara, maana anayeteuliwa pro deo, yaani kumtetea maskini bila malipo, aghalabu hujilipia mwenyewe nauli na nakala za jalada, na kodi ya ofisi haimngoji. Lakini hali ikiachwa hivi, wafungwa watabakiwa na wanafunzi wa uwakili tu. Kwa hiyo naisihi serikali itenge fedha za nauli na nakala hizo, hata kama ni kidogo, na baraza la mawakili la Kisangani liandike jina la kila mwenye ofisi mpya katika zamu ya gereza, kwa miaka 3 ya mwanzo, pasipo kumwachilia mtu kwa ajili ya jina la babaye.